Kukarabati kabini au kununua ndege mpya: mwongozo kamili kwa shirika dogo la ndege

Bodi nyingi za mashirika ya ndege huanza na swali ambalo lilipaswa kuwa la mwisho: Boeing au Airbus? Swali hilo lina utamu wake. Lina safari za viwandani Toulouse na Seattle, lina picha za kupigwa mbele ya pua ya ndege, na kila mjumbe ana shemeji yake anayelijua jibu. Abiria aliyelipa nauli yeye anakaa kwenye kiti, na kiti kikiwa kimebonyea, meza ya kukunja inaning'inia na zulia limetoka nyuzi, anashuka akisema ndege ni mbovu, hata kama injini zake zimetoka kwenye matengenezo makubwa mwezi uliopita. Mwili wa ndege unaweza kuruka miaka 20, 25 na zaidi. Mito ya viti na mazulia huanza kuonyesha uzee mapema sana ndani ya muda huo.

Mwongozo huu ni wa shirika lenye ndege chache, tuseme kati ya 3 na 12, ambalo lazima liamue pesa iende wapi. Hatua zinafuata mtiririko wa kazi yenyewe, na uchaguzi wa kiwanda nimeuweka karibu na mwisho kwa makusudi.

Hatua ya 1: Andika njia zako kwanza

Kwa kila njia andika umbali, urefu wa barabara ya kurukia, mwinuko wa uwanja, joto la saa unazoruka, na abiria unaowapata kweli katika mwezi mzuri na mwezi mbaya. Abiria unaowatamani waache kwa afisa masoko.

Mwinuko na joto ndivyo vinavyowaumbua wengi. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, Mwanza na Entebbe vimepita kidogo mita 1,100, na Bole wa Addis Ababa uko juu ya mita 2,300. Hewa ya milimani ni nyepesi, na hewa ya joto nayo ni nyepesi. Injini inapungukiwa nguvu, mabawa yanapungukiwa nguvu ya kuinua, na ndege iliyoondoka Dar es Salaam ikiwa imejaa pomoni inaweza kulazimika kuacha mizigo au abiria inapoondoka Addis. Vitabu vya kiwanda huanza na siku ya kitaalamu yenye nyuzi 15 za Selsiasi usawa wa bahari. Siku kama hiyo Mwanza haijawahi kuonekana. Mwambie muuzaji alete hesabu za uwanja wako, saa 8 mchana, mwezi wa Februari, na azitie sahihi.

Urefu wa safari nao hugeuza jibu. Chukua ndege mbili za panga boi ambazo ukanda huu unazijua vizuri: ATR 72 husafiri kwa takribani kilomita 510 kwa saa, Q400 hufika 660 na ushee. Dar hadi Zanzibar tofauti hiyo ni dakika chache tu, na ATR inakuwa imekula mafuta pungufu. Dar hadi Bukoba mambo yanageuka, kwa sababu ndege yenye kasi inaweza kubana mzunguko mmoja zaidi kabla ya giza. Hakuna kati ya hizo mbili iliyo bora mpaka useme inakwenda wapi.

Hatua ya 2: Amua kama ndege uliyonayo inastahili pesa hiyo

Jiulize nani mwenye ndege, matengenezo makubwa yajayo ni lini, na itakaa kwako miaka mingapi.

Ndege nyingi si mali ya shirika linaloziendesha. Za Air Tanzania zilinunuliwa na serikali kupitia Wakala wa Ndege za Serikali, TGFA, na kukodishwa kwa shirika hilo. Kwingine mwenye mali ni kampuni ya kukodisha iliyoko Dublin. Mikataba ya namna hiyo kwa kawaida inadai idhini ya maandishi kabla hujagusa mpangilio wa viti, na mingine inataka ndege irudishwe kama ilivyochukuliwa. Kwa hiyo viti vya zamani visiuzwe kwa pupa. Vifungwe vizuri, viwekwe ghalani, na hati za kila kimoja zikae pamoja navyo. Kiti kisicho na hati ni chuma chakavu.

Kama mkataba umebakiza miaka miwili, usikarabati. Osha, badilisha mazulia na vitambaa, rekebisha meza na mikanda, basi. Ukarabati kamili unaleta maana pale ndege itakapobaki miaka mitano au zaidi, na ukifanywa sambamba na ukaguzi mkubwa, ule ambao lazima ndege iingie hanga, yaani karakana ya ndege, kwa wiki kadhaa na viti vitolewe ili sakafu ikaguliwe. Kutoa viti mara mbili kwa mwaka mmoja ni kulipa mafundi mara mbili kwa kazi ileile.

Hatua ya 3: Hesabu ya viti

Hapa kaa muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote.

Kanuni za Marekani na Ulaya, na nchi nyingi zinazofuata mkondo huo, hutaka mhudumu mmoja kwa kila viti 50. Soma tena: viti, hata kama havina mtu. Ndege ya viti 150 inahitaji wahudumu watatu. Ya viti 151 inahitaji wanne. Sasa tuseme ndege yako ina viti 156. Ukiondoa safu moja ya viti sita unabaki na 150, na mhudumu mmoja anapungua katika kila safari, pamoja na posho yake, hoteli yake na uzito wake. Kama ndege hujaa wakati wa Krismasi na Idi tu, viti hivyo sita vilikuwa vinakugharimu mwaka mzima. Na ile nafasi ya inchi 30 iliyoachwa na safu ukiigawa kwa safu 25 zilizobaki, kila abiria anapata inchi moja na kidogo ya magoti. Anayeruka na shirika linalojaza mpaka 180 atakuta njia nyingine ya kufikiri, na kwa nauli za chini huenda yuko sahihi. Ila hesabu ifanywe kwa nauli zako.

Kuna mambo mengine yanayofungamana na safu za viti ambayo mtu hayaoni mpaka ndege imefunguliwa. Barakoa za oksijeni lazima zizidi idadi ya viti kwa asilimia 10 au zaidi, ndiyo maana juu ya viti vitatu hudondoka barakoa nne. Mtoto wa kupakatwa naye anapumua. Ukisogeza safu, kisanduku cha barakoa nacho kisogee, pamoja na taa ya kusomea na kitufe cha kumwita mhudumu. Kwenye milango ya dharura juu ya bawa kuna upana wa kupita usioruhusiwa kubanwa hata kidogo. Alama za mwanga za sakafuni zinazoelekeza njia ya kutokea lazima zifuate mpangilio mpya. Aina ya ndege ilipata kibali chake baada ya kuthibitisha kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, gizani, kwa nusu ya milango tu, na mpangilio wako haupaswi kuharibu ushahidi huo.

Upana wa kiti huwezi kuubadilisha sana, umeamuliwa na mwili wa ndege. Kabini ya Boeing 737 ina upana wa mita 3.54 na ya A320 ina 3.70, zote zikiwa na viti sita kwa safu. Sentimita 16 hizo zikigawanywa ni chini ya inchi moja kwa kila kiti na ujia. A220 ina viti viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili, na abiria wa Air Tanzania waliozizoea tangu ya kwanza ilipofika Desemba 2018 wanaujua unafuu huo bila kuelezwa. Kwenye 787 mashirika karibu yote yamechagua viti tisa kwa safu ingawa wanane wangekaa kwa raha zaidi.

Hatua ya 4: Kiti, kitambaa na moto

Kiti cha ndege kubwa ya abiria hupimwa kwa kurushwa kwenye reli mpaka kifikie mara 16 ya nguvu ya mvutano wa dunia kikielekea mbele, na mwanasesere wa vipimo akiwa amefungwa mkanda. Mto wake hupigwa moto wa mafuta ya taa kwa dakika mbili, na ukipoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito umeshindwa. Kuta na dari hupimwa joto na moshi zinavyoungua.

Nasema haya kwa sababu kishawishi ni kikubwa. Fundi wa makochi wa Keko anaweza kushona kava la kiti likapendeza kuliko la kiwandani, kwa robo ya bei. Lakini kitambaa chake hakina cheti cha moto, sponji yake haina cheti, na hata uzi wake hauna. Mkaguzi akiuliza hati, ndege haitoki. Na kama hajauliza, siku ya moshi kabini ndiyo itakayouliza. Njia halali ya kupunguza gharama ipo: nunua kitambaa chenye cheti kwa wingi, kishonwe na karakana iliyoidhinishwa na mamlaka ya anga, kisha omba namna ya kufua iandikwe, maana baadhi ya vitambaa hupoteza kinga ya moto kadiri vinavyofuliwa.

Uzito ndio unaolipa ukarabati. Makadirio yanayotumika sana kwa ndege za jeti ni kwamba kila kilo unayobeba huchoma mafuta ya takribani asilimia 3 ya uzito wake kila saa. Kiti kipya chepesi kikipunguza kilo 3 kwa abiria, kwa viti 150 umepata kilo 450. Hiyo ni kilo 13.5 za mafuta kwa saa. Ndege ikiruka saa 3,000 kwa mwaka, umeokoa zaidi ya tani 40. Zidisha kwa bei ya mafuta mnayolipa, kisha linganisha na bei ya viti.

Tahadhari: kiti chepesi huwa na mto mwembamba. Kwa Dar–Dodoma hakuna atakayelalamika. Kwa Dar–Mumbai, karibu saa 6, nyonga zitalalamika. Omba sampuli mbili, ziweke ofisini, na wakalishe wafanyakazi wenye maumbo tofauti kwa muda kamili wa safari yako ndefu. Wakipewa dakika kumi watasifia kila kiti.

Skrini ni suala la urefu wa safari. Nairobi–New York, ambayo Kenya Airways ilianza Oktoba 2018, abiria hatakusamehe ukimnyima. Kwa safari ya saa moja, skrini ni nyaya, visanduku chini ya viti, uzito na vipuri. Soketi ya kuchajia simu inatosha.

Hatua ya 5: Karatasi zitangulie oda

Mabadiliko ya viti yanahitaji usanifu ulioidhinishwa. Unaweza kuupata kwa kiwanda kilichotengeneza ndege, au kwa kampuni ya usanifu inayomiliki kibali cha nyongeza, kile ambacho mafundi wote hukiita STC. Cha kiwanda ni ghali na kina uhakika. Cha kampuni nyingine huwa nafuu, ila hakikisha kinahusu ndege yako kwa namba yake ya utengenezaji, maana ndege mbili za aina moja zilizotoka kwa wamiliki tofauti huweza kuwa na nyaya tofauti kabisa. Kisha mamlaka ya anga ya nchi yako, TCAA ya Tanzania, KCAA ya Kenya au nyingine, iukubali. Waone maofisa wao kabla hujalipa malipo ya awali ya viti, na uwapelekee mchoro wa mpangilio, hata kama ni rasimu.

Viti vyenyewe vina foleni. Watengenezaji wakubwa kama Recaro, Safran na Collins hawajafunga hesabu ya uchelewaji ulioanza baada ya korona, na viti vya daraja la biashara ndivyo vinavyochelewa zaidi. Ndege isiingizwe hanga mpaka viti vyote viwe vimefika na kukaguliwa.

Hatua ya 6: Hanga, na ndege ya kwanza

Emirates ilipopanga kukarabati ndege 120, A380 67 na Boeing 777 53, haikukurupuka. Katikati ya 2022 mafundi wake walichukua A380 moja wakaifungua kipande kwa kipande, wakipima muda wa kila hatua. Humo wakagundua kwamba malori ya chakula, yale yanayoinuka mpaka mlangoni, yana upana unaofaa kabisa kushusha viti na paneli kwenda karakana. Kazi yenyewe ikaanza Novemba mwaka huo, na baadaye orodha ikapita ndege 200. Shirika lenye ndege nne linaweza kuiga jambo hilohilo: ndege ya kwanza ihesabiwe kuwa ya kujifunzia, ipewe siku za ziada, na ya pili isiingie mpaka orodha ya kasoro za ya kwanza imeandikwa.

Bajeti ya siku huliwa na sakafu. Viti vikitoka na zulia likiinuliwa, karibu na jiko na vyoo utakuta reli za viti zimeota unga mweupe. Ni kutu ya aluminiamu, zao la miaka ya soda, kahawa na maji ya choo yaliyopenya chini ya zulia. Kipande cha reli kinakatwa na kuungwa kipya kwa mchoro wa mhandisi, na kama kipande hakipo ghalani ndege inakaa. Agiza reli za ziada za maeneo hayo mapema. Zisipotumika zitakaa, si mali inayooza.

Kazi ikiisha, ndege ipimwe uzito upya na hesabu za uwiano wa uzito zibadilishwe kabla ya abiria wa kwanza kupanda. Kadi za usalama mifukoni nazo zichapishwe upya.

Hatua ya 7: Sasa zungumzia kiwanda

Kama hesabu imeonyesha ndege mpya inahitajika, kigezo changu cha kwanza ni kile unachokimiliki tayari. Rubani wa A320 anarusha pia A319 na A321 kwa leseni ileile. Airbus wamepata utambuzi wa pamoja kwa A330 na A350, na Boeing kwa 777 na 787. Kila aina mpya unayoongeza inakuja na marubani wake, mafundi wake, ghala lake la vipuri na safari za mafunzo nje ya nchi.

Tazama kundi la Air Tanzania tangu lilipofufuliwa 2016: Q400, A220, 787-8, 767 ya mizigo na 737 MAX 9. Kila moja ilinunuliwa kwa kazi yake, na kwa kazi hiyo inafaa. Lakini ni aina tano katika kundi dogo, na A220 zilipopata matatizo ya injini za Pratt & Whitney mwaka 2022, ikabidi safari zipunguzwe. Ukiwa na aina moja yenye ndege kumi, mbili zikikaa chini unabana ratiba. Ukiwa na aina tano, mbili zikikaa unafuta njia.

Injini ina uzito kuliko jina lililoandikwa ubavuni. A320neo inakupa uchaguzi wa injini mbili, 737 MAX haikupi. Kwa 787 kuna Rolls-Royce Trent 1000 na GEnx ya General Electric, na hapa Afrika Mashariki tuna kichekesho kidogo: Air Tanzania wamechukua Trent, Kenya Airways wamechukua GEnx. Majirani wawili, ndege moja, na siku ya shida hakuna wa kumwazima mwenzake injini. Kabla ya kuchagua, uliza jirani yako anatumia nini, karakana ya injini hiyo iko wapi, foleni yake ina miezi mingapi, na utapewa injini ya akiba kwa masharti gani.

Uliza pia kama kiwanda kitaendelea kutengeneza aina hiyo. Uganda Airlines ilianza 2019 na CRJ900 nne. Mwaka uliofuata Bombardier wakauza mradi wa CRJ kwa Mitsubishi, na mwaka 2021 CRJ ya mwisho ikakabidhiwa kwa mteja. Utengenezaji wa Q400 nao ulisimamishwa mwaka huohuo mikononi mwa De Havilland Canada. Ndege hizo bado ni nzuri na vipuri vinapatikana, ila thamani ya kuziuza hubadilika. Ndege iliyonunuliwa na mashirika machache duniani, kama A330-800, itakupa bei nzuri leo na wateja wachache kesho.

Foleni ni sababu inayojitegemea. Airbus wana oda za maelfu ya ndege zenye ujia mmoja wa katikati. Boeing, baada ya ajali mbili za 737 MAX zilizoua watu 346, ikiwemo ya Ethiopian Airlines Machi 2019, na baada ya paneli ya mlango kung'oka angani Januari 2024, waliwekewa udhibiti mkali na mamlaka ya anga ya Marekani. Ukihitaji ndege ndani ya miezi 18, jibu mara nyingi litakuwa kukodisha au kununua iliyotumika, na hapo unarudi kwenye ukarabati wa kabini.

Hatua ya 8: Mkataba na kupokea ndege

Bei iliyotangazwa hailipwi na mtu. Bishana kuhusu punguzo, lakini bishana zaidi kuhusu dhamana ya matumizi ya mafuta, fidia ya kuchelewa, idadi ya marubani na mafundi watakaofundishwa bure, na mtaalamu wa kiwanda atakayekaa kwako mwaka wa kwanza. Soma kwa makini kifungu cha viti. Kama viti vimeandikwa kuwa jukumu la mnunuzi na mtengenezaji wako akachelewa, ndege itasimama uwanjani kwa kiwanda ikiwa haina viti, na mchelewaji kisheria ni wewe.

Siku ya kupokea, tuma timu yenye fundi wa kabini na mhudumu mwandamizi, si wakurugenzi peke yao. Wakae kila kiti, walaze kila mgongo, washushe kila meza, wavute kila choo, wajaribu kila soketi, wafungue na kufunga kila kabati la mizigo, na wahakikishe jaketi la kuokolea lipo chini ya kila kiti na tarehe yake haijapita. Kasoro zote ziandikwe kwenye orodha moja yenye tarehe ya kurekebishwa na jina la anayehusika. Malipo ya mwisho yatumwe baada ya orodha hiyo kutiwa sahihi na pande zote mbili, na sherehe ya kumwagia ndege maji ifuate baadaye.